Kuchora safari ya jeni kizazi hadi kizazi: mwongozo wa walimu na wanafunzi wa Tanga

Vimelea vya malaria vya Korogwe na Muheza vimebadilika mbele ya macho ya watafiti kila dawa ilipobadilishwa. Silikanti, samaki wa ukoo wa kale sana, wanaoishi kwenye maji ya kina mbele ya mji wa Tanga wana tofauti za kijeni na ndugu zao wa kusini mwa Tanzania na wa Komoro. Selimundu imo katika familia nyingi za pwani. Mwanafunzi anayesoma jenetikia Tanga ana mifano hii mlangoni kwake, lakini mara nyingi anachokutana nacho darasani ni fomula ya p na q (uwiano wa matoleo mawili ya jeni) ubaoni, anaikariri, anafanya mtihani, anaisahau.

Mwongozo huu ni wa kuifanya fomula hiyo itembee. Programu zote zilizotajwa humu ni za bure, na tatu za kwanza zikishapakuliwa hazihitaji bando tena. Laptopu ya zamani inatosha.

Kuna jambo moja linalobeba kila hatua, nalo ni hili: kabla hujaeleza kwa nini aleli fulani, yaani toleo moja la jeni, imeenea, angalia kwanza bahati peke yake inaweza kufanya nini. Watu wengi huona mstari unaopanda kwenye grafu na papo hapo kusema "jeni hii ina faida". Huenda ni kweli. Huenda pia kundi lilikuwa dogo na aleli ikabahatika. Programu hizi zina thamani kwa sababu zinakuwezesha kuona yote mawili ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 1: Anza na maharage, si kompyuta

Chukua kopo, tia maharage 10 mekundu na 10 meupe. Hilo ni kundi la watu 10, kila mmoja akiwa na aleli mbili. Chota harage moja bila kuangalia, andika rangi yake, lirudishe koponi. Rudia mpaka ufikishe mara 20. Ukipata mekundu 12 na meupe 8, basi kizazi kijacho kina mekundu 12 na meupe 8. Panga kopo upya kwa hesabu hiyo, anza kuchota tena.

Gawa darasa katika makundi manane, kila kundi na kopo lake, na kila kundi lichore mstari wake kwenye karatasi moja kubwa ukutani: kizazi chini, uwiano wa maharage mekundu ubavuni. Kabla kipindi hakijaisha mistari itakuwa imetawanyika, na huenda kopo moja limeshabaki na rangi moja tu. Hakuna harage lililokuwa bora kuliko jingine. Usiiruke hatua hii hata kama kompyuta zipo, kwa sababu programu zote zinazofuata hufanya kazi hii hii kwa kasi kubwa. Mwanafunzi aliyechota kwa mkono wake hataiona programu kama mganga anayetabiri.

Hatua ya 2: PopG, kutazama bahati ikifanya kazi

PopG ni programu ndogo iliyoandikwa na Joe Felsenstein, mwanajenetikia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani. Hufuatilia jeni moja yenye aleli mbili, A na a, katika makundi mengi kwa wakati mmoja. Inahitaji Java iwepo kwenye kompyuta. Ipakue mara moja mahali penye mtandao mzuri, iweke kwenye fleshi, kisha igawe kwa wanafunzi.

Ifungue, nenda kwenye menyu ya Run, chagua New Run. Kitafunguka kidirisha chenye visanduku vya namba. Jaza hivi: idadi ya watu katika kundi 10, ufanisi wa AA, Aa na aa vyote 1, mabadiliko ya jeni 0, uhamiaji 0, uwiano wa kuanzia wa A 0.5, vizazi 100, makundi 20. Ufanisi hapa maana yake ni uwezo wa kuishi na kuacha uzao ukilinganishwa na wengine. Ukiwapa wote 1, umesema hakuna aliye na faida.

Endesha. Utaona mistari 20 ikiyumba, mingine ikigonga dari na mingine ikigonga sakafu. Ukigonga dari, a imepotea kabisa. Ukigonga sakafu, A imepotea. Kwa watu 10 na vizazi 100, karibu mistari yote itakuwa imefika mwisho wake. Kuna pia mstari wa bluu ulionyooka katikati: huo unaonyesha ambavyo ingekuwa kama kundi lingekuwa kubwa lisilo na ukomo, bila bahati kuingilia.

Sasa badilisha idadi ya watu iwe 50, halafu 500, na kila kingine kibaki vilevile. Kwa watu 50, karibu nusu ya mistari itakuwa bado hewani kizazi cha 100. Kwa 500, mistari yote hutambaa kuzunguka ule wa bluu. Nadharia inasema aleli isiyo na faida wala hasara, ikianzia 0.5, huchukua kwa wastani vizazi karibu 2.8 mara idadi ya watu kabla haijashinda au kupotea: takriban vizazi 28 kwa watu 10, na 1,400 kwa watu 500. Mwambie mwanafunzi akadirie kwanza, ndipo aendeshe. Akiendesha kwanza, atatazama rangi tu.

Hatua ya 3: Selimundu, aleli inayodhuru isiyokwisha

Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha ushahidi kwamba wenye nakala moja ya aleli ya selimundu wana kinga kiasi dhidi ya malaria. Mwenye nakala mbili anaugua selimundu; asiye nayo kabisa anabaki wazi kwa malaria. Tuweke hali hiyo kwenye PopG.

Tuseme A ni aleli ya selimundu. Weka ufanisi wa AA 0.1, wa Aa 1, wa aa 0.85. Namba hizi ni za mazoezi: zinaiga zamani, pasipo tiba, mahali penye malaria kali. Idadi ya watu weka 1,000, uwiano wa kuanzia 0.02, vizazi 100, makundi 10.

Mistari itapanda, kisha itatulia karibu na 0.14. Hesabu ya mkono inakubali: gawanya hasara ya asiye na aleli (0.15) kwa jumla ya hasara zote mbili (0.15 + 0.9), unapata 0.143. Anzisha tena kwa 0.4, mistari itashuka na kutulia palepale. Hapa mwanafunzi anaona kwa macho kitu ambacho sentensi ndefu ya kitabu haimwonyeshi: uteuzi asilia unaweza kushikilia aleli mbili kwa pamoja kwa muda mrefu sana.

Kisha ondoa malaria. Badilisha ufanisi wa aa uwe 1, anzia 0.143, endesha vizazi 10. Wengi hutarajia aleli ianguke. Haianguki kwa kasi hiyo: baada ya vizazi 10 bado iko karibu 0.06. Kwa binadamu, vizazi 10 ni kama miaka 250. Sababu ni kwamba aleli nyingi zimebebwa na wenye nakala moja, ambao ni wazima na uteuzi hauwagusi. Kwa Tanga zoezi hili lina uzito wa pekee, maana malaria hupungua kadiri unavyopanda kutoka Muheza kwenda Amani, au kutoka Mombo kwenda Lushoto. Waulize wanafunzi wanatarajia nini kwa jamii zilizoishi juu na zilizoishi chini, na uhamiaji kati yao unafanya nini kwenye jibu. Kisanduku cha uhamiaji kipo, wakitumie.

Neno kwa mwalimu: darasani kwako huenda kuna mtoto mwenye selimundu, au ambaye ndugu yake anayo. Ile 0.1 isemwe waziwazi kuwa ni ya enzi zisizo na tiba. Leo chanjo, kinga ya penisilini na dawa ya haidroksiyurea zinarefusha na kuboresha maisha ya wagonjwa. Namba kwenye kisanduku haimpimi mtu.

Hatua ya 4: Klorokwini, kukadiria nguvu ya uteuzi kutoka takwimu halisi

Hapa ndipo programu inapoacha kuwa mchezo. Tanzania Bara iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaweka SP (salfadoksini-pirimethamini), kisha mwaka 2006 ikaanza kuhamia dawa mseto. Malawi ilitangulia kuacha klorokwini, mwaka 1993. Vimelea sugu vya Malawi, vilivyotambuliwa kwa badiliko la jeni ya pfcrt, vilikuwa asilimia 85 mwaka 1992 na asilimia 13 mwaka 2000. Korogwe nayo ilishuhudia vimelea vinavyosikia klorokwini vikirudi baada ya dawa kuondolewa.

Chukua namba za Malawi. Mwaka 1992, kwa kila kimelea kisicho sugu kulikuwa na sugu 5.67 (0.85 gawanya kwa 0.15). Mwaka 2000 uwiano huo ulikuwa 0.149. Tafuta logi asilia ya kila mmoja, toa, gawanya kwa miaka 8: unapata mteremko wa karibu 0.45 kwa mwaka. Sasa fanya dhana moja, na iandike kwenye daftari kama dhana: mzunguko kutoka mtu hadi mbu hadi mtu mwingine unachukua kama miezi miwili, yaani vizazi 6 kwa mwaka. Mteremko kwa kizazi ni 0.076, na ufanisi wa kimelea sugu pasipo dawa ni 0.927 ukilinganisha na kisicho sugu.

Kuna kizingiti kimoja. PopG imetengenezwa kwa viumbe wenye nakala mbili za kila jeni, lakini kimelea cha malaria kikiwa ndani ya mwili wa binadamu kina nakala moja. Njia ya kuvuka ni rahisi: A iwe aleli isiyo sugu, kisha weka AA 1, Aa 0.927, na aa 0.859, yaani 0.927 mara 0.927. Ukiweka hivyo, uwiano wa aleli utakwenda kama wa kiumbe chenye nakala moja. Anzia 0.15, vizazi 48, idadi 1,000, makundi 20. Mistari itapanda na kukusanyika karibu na 0.87, sawa na Malawi ya mwaka 2000.

Usisherehekee bado, kwa sababu namba umezitoa kwenye jibu lenyewe, hivyo lazima zilirudishe. Jaribio la kweli ni hili: rudisha ufanisi wote kuwa 1, punguza idadi iwe 15, makundi yawe mengi kadiri programu inavyoruhusu, endesha tena. Mistari kadhaa itapanda kutoka 0.15 hadi juu kabisa pasipo faida yoyote. Ukiiacha iendelee hadi mwisho, karibu 15 katika kila 100 itashinda, kwa kuwa nafasi ya kushinda kwa bahati tupu ni sawa na uwiano wa kuanzia. Kisha ongeza idadi iwe 1,000, ufanisi bado 1. Hakuna hata mmoja utakaokaribia 0.87 ndani ya vizazi 48. Sasa una hoja: katika kundi kubwa, bahati haiwezi kueleza mabadiliko yale, na uteuzi unaweza. Hoja hiyo ndiyo unayoiweka kwenye ripoti. Grafu inakuja kuisindikiza.

Hatua ya 5: Silikanti, makundi yanayoachana

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009, na mwaka 2011 utafiti wa DNA ulionyesha kuwa silikanti wa kaskazini mwa pwani ya Tanzania ni kundi lenye sura yake kijeni. Kwenye PopG weka ufanisi wote 1, idadi 100, makundi 10, vizazi 200. Endesha kwanza bila uhamiaji, kisha kwa uhamiaji wa 0.01, yaani kwa wastani mhamiaji mmoja kila kizazi. Huyo mmoja tu hutosha kuzuia makundi yasiachane kabisa. Kumbuka kwamba kizazi cha silikanti ni miongo ya miaka, kwa hiyo vizazi 200 ni maelfu ya miaka. Andika miaka hiyo chini ya mhimili wa grafu, msomaji asije akadhani unasimulia habari za juzi.

Hatua ya 6: Chora mwenyewe kwa R

PopG inakupa picha yake. R, lugha ya kompyuta ya hesabu na grafu, inakupa picha yako, yenye maneno ya Kiswahili kwenye mihimili. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa chuo asibaki kwenye PopG zaidi ya wiki moja. Mistari hii sita ni zoezi la maharage lote:

N <- 50
vizazi <- 100
makundi <- 20
p <- matrix(0.5, vizazi + 1, makundi)
for (k in 1:vizazi) p[k + 1, ] <- rbinom(makundi, 2 * N, p[k, ]) / (2 * N)
matplot(p, type = "l", lty = 1, ylim = c(0, 1), xlab = "Kizazi", ylab = "Uwiano wa aleli")

Amri ya rbinom ndiyo mkono unaochota koponi. Juu kabisa ongeza set.seed(7), au namba yoyote uipendayo, ili mwenzako akiendesha msimbo wako apate mistari ileile. Kuingiza uteuzi, piga hesabu ya uwiano baada ya uteuzi kabla ya kuchota, kisha mpe rbinom uwiano huo mpya badala ya ule wa zamani.

Hatua ya 7: Aleli zinazozaliwa ndani ya aleli

Usugu dhidi ya SP haukuja kwa badiliko moja. Katika jeni ya dhps, Afrika Mashariki ilitawaliwa na vimelea vyenye mabadiliko mawili, kwenye nafasi za 437 na 540. Juu ya hayo likaongezeka la tatu, kwenye nafasi ya 581, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliliripoti likipanda huku Tanga, pamoja na SP kushindwa kutibu watoto. Jambo hili bado linatuhusu, maana SP ndiyo wanayopewa wajawazito kliniki kuwakinga na malaria.

Grafu ya mistari inaficha kwamba la tatu lilizaliwa ndani ya yale mawili. Mchoro wa Muller, uliopewa jina la mwanajenetikia Hermann Muller, unaonyesha: kila ukoo ni utepe wa rangi, na ukoo mpya unachipuka katikati ya utepe wa mzazi wake na kupanuka. Kifurushi cha ggmuller cha R kinaufanya. Namba hizi ni za mazoezi tu:

library(ggmuller)
nasaba <- data.frame(Parent = c("asili", "mawili"), Identity = c("mawili", "matatu"))
idadi <- data.frame(Generation = rep(c(0, 20, 40, 60), each = 3), Identity = rep(c("asili", "mawili", "matatu"), 4), Population = c(95, 5, 0, 40, 60, 0, 10, 70, 20, 5, 35, 60))
Muller_plot(get_Muller_df(nasaba, idadi))

Majina ya safu yabaki kwa Kiingereza kama yalivyo, la sivyo kifurushi hakitayatambua. Na usitumie mchoro huu kwa jeni mbili zilizo kwenye kromosomu tofauti, mfano dhps na dhfr pamoja: vimelea huchanganya jeni zao ndani ya mbu, hivyo hakuna ukoo mmoja wa kufuatwa.

Hatua ya 8: Takwimu za dunia

Kwa virusi, fungua Nextstrain kwenye kivinjari. Mradi huu ulianzishwa na Trevor Bedford na Richard Neher, nao unaonyesha mti wa nasaba, ramani na wakati kwa pamoja. Chagua mafua ya H3N2, bonyeza kitufe cha kucheza kwenye ramani, kisha shuka chini uone koo zikipokezana miaka hadi miaka. Ukiwa na mti wako mwenyewe, fungua auspice.us na uburute faili lako hadi hapo. Linasomwa ndani ya kivinjari chako, halipelekwi kwingine. Tahadhari moja tu: ramani inaonyesha mahali sampuli zilikochukuliwa. Nchi isiyo na nukta huenda ina virusi tele na haina mashine ya kuvisoma.

Ukitaka kromosomu nzima, mabadiliko maelfu na jamii zilizotawanyika kwenye eneo, hamia SLiM, programu ya uigizaji ya Benjamin Haller na Philipp Messer. Ina dirisha linaloonyesha kila kiumbe kwa rangi ya ufanisi wake. Inadai kujifunza lugha yake ya kuandikia msimbo, kwa hiyo ijie ukiwa na swali ambalo hatua zilizotangulia zimeshindwa kulijibu.

Hatua ya 9: Maelezo chini ya picha

Picha isiyo na maelezo itasomwa kama tukio lililotokea kweli. Kila grafu ya uigizaji iwe na idadi ya watu, vizazi na urefu wake kwa miaka, ufanisi, uhamiaji, uwiano wa kuanzia, idadi ya makundi, na dhana ulizoweka. Kwa grafu ya hatua ya 4, maelezo yawe namna hii: "Uigizaji wa makundi 20 ya vimelea, kila moja 1,000, vizazi 48 (miaka 8, tukikisia vizazi 6 kwa mwaka). Ufanisi wa kimelea sugu pasipo klorokwini ni 0.927, uliokadiriwa kutoka takwimu za Malawi za 1992 na 2000. Aleli isiyo sugu ilianzia 0.15. Hakuna uhamiaji wala mabadiliko mapya ya jeni. Grafu ya pili, yenye ufanisi sawa kwa wote, imewekwa kando kwa ulinganisho."